Mtoto Asiyekwenda Shule, Nani Anamwona?

Hapa Uingereza, kumtoa mtoto katika shule ya kawaida ni jambo la barua moja. Unamwandikia mwalimu mkuu kwamba kuanzia tarehe fulani mtoto atasomea nyumbani, naye anafuta jina lake kwenye daftari la shule na kuiarifu halmashauri. Ruhusa huombi, isipokuwa kama mtoto yuko kwenye shule maalumu. Hudaiwi cheti cha ualimu, hulazimiki kufuata mtaala wa taifa, wala mtoto halazimiki kufanya mtihani hata mmoja. Sheria ya Elimu ya mwaka 1996, kifungu cha 7, inamtaka mzazi ahakikishe mwanawe anapata elimu inayolingana na umri wake, uwezo wake na mahitaji yake, kwa kuhudhuria shule au kwa njia nyingine.

Mimi ni mmoja wa waliochagua hiyo njia nyingine. Tunaishi Leicester, na mwanangu wa pili, mwenye miaka kumi na mmoja, anasomea kwenye meza ya jikoni kwetu. Ana kigugumizi. Alipofika darasa la tatu alikuwa ameacha kabisa kuzungumza shuleni. Nyumbani anapiga soga na dada yake mpaka unamwambia anyamaze, akivuka geti la shule mdomo unafungwa mpaka saa tisa alasiri. Walimu wake walikuwa watu wa huruma, lakini darasa lilikuwa na watoto thelathini, na mtoto asiyesumbua mtu husahaulika upesi. Mtaalamu wa matamshi alituweka kwenye foleni ndefu. Mimi na baba yake tukakaa, tukapiga hesabu ya mshahara mmoja badala ya miwili, nikaacha kazi, tukaandika barua.

Tangu hapo ndugu na marafiki wa Dar, Mombasa, Columbus na Muscat wananiuliza: kwani hilo jambo linaruhusiwa? Jibu linategemea nchi uliyomo, na tofauti kati ya nchi na nchi ni kubwa kuliko nilivyodhani. Nimezisoma sheria hizo kwa muda mrefu sasa, nikazungumza na kila niliyemjua anayeishi chini yake, na nimefikia msimamo ambao wazazi wenzangu wengi wanaosomesha nyumbani hawaupendi. Nitaufikia.

Wa kwanza kupinga alikuwa baba yangu. Baba ni mwalimu mstaafu, yuko Muheza, mkoani Tanga. Nilipompigia kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo mama, mtoto hana shule?" Nikamwambia anayo, ila iko nyumbani. Akasema, "Mtoto aliyeko nyumbani saa nne asubuhi, mimi nilikuwa namfuata kwao kwa miguu."

Na kweli alikuwa akiwafuata. Baba ni mwalimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Mwaka 1974 TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa Tanzania awe darasani. Walimu hawakutosha, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba, baba akiwamo, walichukuliwa wakafundishwa ualimu huku wenyewe wakifundisha. Mwaka 1978 ikaja Sheria ya Elimu: mtoto akifikisha miaka saba aandikishwe, na ahudhurie mpaka amalize shule ya msingi, na mzazi anayekaidi ana kosa. Kwa kizazi cha baba, sheria ile ilikuwa ya kumwokoa mtoto. Aliyebaki nyumbani alikuwa anachunga, analea wadogo zake, au ni binti anayesubiri mahari yake ihesabiwe. Wengine walikuwa na ulemavu na wamefungiwa chumba cha uani ili wageni wasiwaone. Hakuna aliyekuwa nyumbani akisomeshwa.

Hilo halijaisha. Katika miji yetu mtoto wa umri wa shule unayemkuta ndani mchana ni, mara nyingi, binti wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini, anayefua sare za watoto wenzake. Na tukumbuke Uganda: shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Karibu miaka miwili nchi nzima ilikuwa "inasomea nyumbani", na watoto wengi wa familia maskini waliishia kwenye vibanda vya biashara, migodini na katika ndoa. Meza ya jikoni haifundishi peke yake. Inahitaji mtu mzima mwenye muda, mwenye elimu kidogo, na mwenye chakula cha kesho.

Ndiyo maana sishangai kwamba Tanzania haina njia iliyonyooka kwa mzazi anayetaka kufanya ninachofanya mimi. Ninazijua familia za Arusha na Dar zinazofundishia nyumbani kwa mitaala ya nje na kupeleka watoto kufanya mitihani ya Cambridge, na hizo ni familia zenye fedha. Mtihani wa darasa la saba unafanywa na mwanafunzi wa shule iliyosajiliwa. Kidato cha nne kina nafasi ya mtahiniwa wa kujitegemea, lakini asiyepitia shule huanza na Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, na njia hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu wazima na vijana waliokosa nafasi, wala haikukusudiwa mtoto ambaye mzazi wake ameamua kumfundisha mwenyewe.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anaishi Bremen. Mwanawe naye alipata shida shuleni, akanipigia: "Wifi, hiyo barua yako uliiandikaje?" Nilimtumia, ingawa haikuwa na faida yoyote kwake. Ujerumani mtoto lazima aende shule, yaani jengo lenye walimu na wanafunzi wengine. Mzazi anayekataa hutozwa faini, faini zikirudiwa huongezeka, na katika jimbo la Hesse sheria inataja hata kifungo. Agosti 2013, karibu na Darmstadt, maofisa waliingia nyumbani kwa familia moja wakawachukua watoto wanne na kuwaweka kwenye makao ya watoto kwa wiki tatu, kwa sababu wazazi walikataa kuwapeleka shule. Familia ilikwenda hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Januari 2019 mahakama ikaamua kwamba Ujerumani haikuvunja haki ya familia hiyo.

Kwenye vikundi vya wazazi hapa utasikia kwamba hiyo ni sheria ya Hitler. Wanaikata historia katikati. Sheria ya 1938 iliongeza adhabu na kuwapa polisi uwezo wa kumkokota mtoto hadi darasani, ni kweli. Lakini wajibu wa kwenda shule uliandikwa kwenye Katiba ya Weimar ya mwaka 1919, kabla Hitler hajashika madaraka, na lengo lake lilikuwa kwamba mtoto wa tajiri na mtoto wa mfanyakazi waanze kwenye darasa moja. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliporudia jambo hili mwaka 2003, hoja yake kubwa ilikuwa kwamba nchi ina haki ya kuzuia jamii zinazoishi kando kando bila kukutana, na kwamba mtoto hujifunza kuvumiliana na wasiofanana naye kwa kukaa nao kila siku.

Hoja hiyo ninaiheshimu kuliko wenzangu wengi wanavyoiheshimu. Wifi yangu mwenyewe alifika Bremen hajui hata kusema asante kwa Kijerumani, na ni mwanawe aliyemtafsiria barua za manispaa baada ya mwaka mmoja wa shule. Angemfungia nyumbani, wangekuwa wawili wasiojua. Pia ana zamu hospitalini. Habari ya kuacha kazi haipo. Alichopata mwishowe ni shule nyingine, ndogo zaidi, baada ya kubisha milango mingi, na mtoto ametulia. Hata hivyo siwezi kukubali kwamba watoto wanne kuondolewa mikononi mwa wazazi wao kwa sababu hiyo tu, wakati wanajua kusoma na kuandika na hawakupigwa wala kushindishwa na njaa, ni jambo la haki.

Nchi nyingine ziko katikati, na nyingi zinasogea upande wa Ujerumani. Sweden ilibana mwaka 2010, ikabakiza ruhusa kwa hali za kipekee tu. Brazil, mahakama kuu iliamua Septemba 2018 kwamba haiwezekani mpaka Bunge litunge sheria. Afrika Kusini iliruhusu tangu 1996 kwa kujisajili, na sheria mpya iliyosainiwa Septemba 2024 imeongeza masharti. Ireland iko upande mwingine kabisa: Katiba yake ya 1937 inaitambua familia kuwa mwalimu wa kwanza wa mtoto na kuwaruhusu wazazi kumfundishia nyumbani.

Ufaransa ndiyo iliyonikera zaidi. Kwa miaka mia moja na arobaini, tangu sheria ya Jules Ferry ya 1882, ilikuwa ni lazima mtoto afundishwe, na mzazi alichagua mahali: shule au nyumbani. Mzazi alitoa taarifa, mkaguzi akaja kupima, basi. Oktoba 2020 Rais Macron alihutubia taifa kuhusu watu wanaojitenga na Jamhuri, akiwalenga Waislamu wenye msimamo mkali, na Agosti 2021 ikapita sheria ya kubadili taarifa kuwa kibali. Kuanzia muhula wa 2022 lazima uombe, na sababu zinazokubalika ni nne: ugonjwa au ulemavu, michezo au sanaa ya kiwango cha juu, familia inayohamahama au kuishi mbali na shule, na hali ya pekee ya mtoto ambayo wewe ndiye unapaswa kuithibitisha. Kwa kawaida unaomba upya kila mwaka. Maelfu ya familia ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na siasa kali zilijikuta zinajieleza mbele ya maofisa, na mama anayevaa hijabu kama mimi anajua kwamba faili lake litasomwa mara mbili.

Nchi iliyonipa mawazo ya tofauti ni Australia. Katikati ya bara lile kuna mashamba ya ng'ombe makubwa kiasi kwamba jirani wa karibu yuko mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Watoto wa huko hawakuwa na shule ya kwenda hata wangetaka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 fundi mmoja wa Adelaide, Alfred Traeger, alitengeneza redio ya mawasiliano inayopata umeme kwa kukanyaga pedali, ili familia hizo ziweze kumwita daktari wa ndege. Mwalimu Adelaide Miethke aliona kwamba redio hiyo hiyo inaweza kubeba sauti ya mwalimu, na mwaka 1951, mjini Alice Springs, Shule ya Angani ikafunguliwa rasmi. Asubuhi mtoto alikaa mbele ya redio, akaitwa jina, akajibu, na watoto waliotengana kwa mamia ya kilomita wakasikia sauti za wenzao. Madaftari na vitabu vilikwenda kwa posta. Siku hizi ni setelaiti na kamera, mtoto anamwona mwalimu na mwalimu anamwona mtoto. Eneo linalohudumiwa na shule hiyo moja ya Alice Springs ni kilomita za mraba zaidi ya milioni 1.3. Tanzania nzima, Bara na Visiwani na maziwa yake, ni kama 945,000.

Mtu atasema hiyo ni elimu ya masafa, si kusomesha nyumbani. Lakini anayekaa na mtoto saa zote ni mama, au msichana aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, na meza ni ile ile ya jikoni. Kinachonivutia ni kilichobaki. Mwalimu hufunga safari kwenda kumtembelea mwanafunzi kwao, akaona anapolala na anaposomea. Mara chache kwa mwaka watoto hukusanywa mjini, wakakaa pamoja, wakacheza mpira na wale waliokuwa wakiwajua kwa sauti tu. Serikali ya huko ilimfuata mtoto nyumbani ikiwa na vitabu mkononi.

Marekani nako kuna majimbo hamsini na sheria hamsini. Texas hudaiwi hata kuiarifu serikali. Pennsylvania unaapa kwa maandishi, unatunza jalada la kazi za mtoto mwaka mzima na kumwita mtathmini alipitie. Takwimu za ofisi ya sensa za mwaka 2020 zilionyesha kwamba katika kaya za Wamarekani weusi zenye watoto wa umri wa shule, zilizosema zinasomesha nyumbani zilipanda kutoka asilimia 3.3 mwanzoni mwa janga la korona hadi 16.1 miezi michache baadaye. Wengi walisema walipoona masomo kwa kamera ndipo walipoelewa jinsi watoto wao walivyokuwa wakitendewa darasani. Hao ni wajukuu wa watu waliokatazwa kusoma kwa sheria katika majimbo kadhaa ya kusini wakati wa utumwa, waliojifunza herufi usiku kwa siri. Siwezi kumwambia mama kama huyo kwamba serikali ndiyo inayojua zaidi.

Sasa nifike kwenye msimamo wangu. Januari 2018, katika mji wa Perris, California, msichana wa miaka 17 alitoroka kupitia dirishani na kupiga simu polisi. Ndani ya nyumba walikutwa ndugu zake, jumla yao wote kumi na watatu, wengine wamefungwa minyororo kitandani, wamekonda kiasi kwamba polisi waliwadhania watu wazima kuwa watoto. Kwenye karatasi za jimbo nyumba hiyo ilikuwa imeandikishwa kama shule ya binafsi, na baba ndiye mwalimu mkuu. Hakuna aliyewahi kuja kuikagua. Na hapa kwetu, Agosti 2023, mtoto wa miaka kumi alikutwa ameuawa nyumbani kwao, Woking. Miezi kadhaa kabla ya hapo, shuleni walimu waliona michubuko usoni mwake na wakatoa taarifa. Aprili familia ikasema sasa atasomea nyumbani. Desemba 2024 baba yake na mama yake wa kambo walitiwa hatiani kwa mauaji, na mwezi huo huo muswada ukapelekwa Bungeni wa kulazimisha kila halmashauri iwe na daftari la watoto wasiokwenda shule, na kumzuia mzazi anayechunguzwa kwa madhara ya mtoto asimtoe shule bila idhini.

Kwenye vikundi vyetu muswada ule uliwasha moto. Wenzangu walisema tunahukumiwa kwa dhambi za wauaji, na kwamba hata watoto wanaosoma shule huuawa. Yote ni kweli. Nao wana haki ya kusema kwamba aliyemwacha mtoto yule ni mfumo uliopewa taarifa ukaifunga. Lakini mimi nimelelewa mahali ambapo mtoto anaonwa na watu wengi kabla jua halijazama: shangazi, mwalimu wa madrasa, muuza duka, mama mwenye bomba la maji. Ukirudi na jicho jekundu, kuna atakayeuliza. Ughaibuni milango imefungwa, na kwa watoto wengi mtu mzima pekee wa nje anayewatazama usoni kila siku ni mwalimu. Nikimwondoa mwanangu hapo, ninamwondolea jicho hilo, na ni wajibu wangu kukubali jicho jingine. Ninaamini hivyo hata nikijua kwamba familia nyeusi na za Kiislamu zitatazamwa kwa ukali zaidi, na kwamba hilo litatakiwa kupigwa vita kesi kwa kesi.

Afisa wa halmashauri alipoomba kututembelea, sheria iliniruhusu kukataa na kumtumia ripoti ya maandishi. Nilimkaribisha. Alikuwa mama wa makamo, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mwanangu alimletea daftari lake la mvua. Tumekata chupa ya plastiki tukaiweka uani, na kila asubuhi anapima kwa rula na kuandika tarehe, milimita, na kama upepo ulivuma. Babu yake Muheza, yule aliyesema mtoto hana shule, ana chupa yake pia, na kila Jumamosi anatuma vipimo kwa ujumbe wa sauti, anasema kila tarakimu mara mbili kama anavyosoma imla. Mwanangu ameweka safu mbili, Leicester na Muheza, anatafuta wastani, anachora grafu. Alitaka kumweleza mgeni kwamba kwetu hapa mvua inanyesha siku nyingi kidogo kidogo, na kwamba usiku mmoja wa masika kule unaweza kupita mwezi mzima wa huku. Neno la kwanza lilimkwama. Yule mama hakummalizia. Alikaa na daftari mapajani akasubiri, na mtoto akaeleza yote mpaka mwisho.

Ripoti yake ilikuwa ya ukurasa mmoja: elimu inaridhisha, tutawasiliana tena mwakani. Alinishauri pia nimtafutie vijana wa rika lake, na ndipo tulipompeleka skauti.

Kwa hiyo nitajisajili, na nitawaomba wenzangu wajisajili. Ila nina madai yangu, na nimemwandikia mbunge wetu nikayataja. Mtoto wangu akifika miaka kumi na sita atahitaji mitihani ya GCSE, ile wanayofanya wanafunzi wa sekondari hapa, na anayesomea nyumbani hujilipia mwenyewe: nitafute kituo kitakachokubali kumpokea mtahiniwa wa nje, nilipe zaidi ya pauni 100 kwa somo moja, zidisha kwa masomo saba au nane. Mwenzake wa shule halipi hata senti. Serikali inayoweza kupata fedha za kuajiri mtu wa kuja kuhesabu watoto wetu ipate pia za kuwalipia mitihani, iwafungulie maabara za shule za jirani siku za Jumamosi, na mtaalamu wa matamshi aje nyumbani pamoja na afisa. Mbunge amejibu kwamba amelipokea suala la mitihani. Kuhusu maabara na mtaalamu hajasema kitu, na nimemwandikia tena.